Kutoka Moshi wa London hadi Ukame wa Saheli: Dohani Ndefu katika Historia ya Uchafuzi wa Angahewa

Aghalabu historia ya uchafuzi wa hewa huelezwa kuanzia moshi mzito uliochanganyika na ukungu na kuifunika London tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952. Makadirio ya awali ya serikali yalitaja vifo vipatavyo 4,000; tafiti za baadaye zimeifikisha idadi hiyo kwenye 12,000 hivi. Sheria ya Hewa Safi ilipitishwa mwaka 1956, na masimulizi mengi huishia hapo, kwa ushindi. Makala haya yanauhoji ushindi huo. Hewa ya London ilisafika kweli, ila sehemu ya sumu iliyotoka kwenye makaa ya mawe ya Uingereza ilipandishwa juu na kupelekwa kwingine.

Sheria hiyo ililenga moshi unaoonekana. Dioksidi ya salfa haionekani, na waliopanga vituo vya umeme waliitafutia dawa katika urefu wa dohani: gesi ikitolewa juu vya kutosha, upepo utaitawanya isimdhuru aliye karibu. Dohani ya kituo cha Drax, iliyojengwa katika miaka ya 1960, ina urefu wa mita 259. Kwa jirani wa kituo, hesabu ilikuwa sahihi. Upungufu wake ulikuwa kudhani kwamba kilichotawanyika kimetoweka. Wala elimu haikukosekana, kwani Robert Angus Smith alikwisha kuonesha uhusiano kati ya moshi wa Manchester na uasidi wa mvua mwaka 1852.

Mwaka 1967, Svante Odén, mtaalamu wa udongo wa Uswidi, alieleza katika gazeti la Dagens Nyheter kwamba mvua ya Skandinavia ilikuwa ikizidi kuwa na asidi, na kwamba salfa yake ilitoka mbali, Uingereza ikiwamo. Alitegemea vipimo vya mvua kutoka vituo vya nchi mbalimbali za Ulaya. Kusini mwa Norwei, ambako miamba haina chokaa ya kutosha kuizimua asidi, samaki aina ya samoni na trauti walikuwa wakitoweka mitoni na maziwani. Uswidi ililiwasilisha suala hilo Stockholm mwaka 1972, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa uliozaa shirika la mazingira lenye makao yake Nairobi. Bodi ya umeme ya Uingereza ilishikilia kwamba ushahidi haujatosha. Hoja hiyo ilivaa joho la tahadhari ya kisayansi, lakini faida ya kusubiri ilikuwa ya mchafuzi na hasara ilikuwa ya mvuvi. Mkataba ulitiwa saini Geneva mwaka 1979. Itifaki ya Helsinki ya mwaka 1985, iliyodai salfa ipunguzwe kwa asilimia 30, Uingereza haikuitia saini. Mwaka uliofuata ilikubali kuviwekea baadhi ya vituo mitambo ya kuondoa salfa.

Salfa hiyo hiyo ina athari nyingine, ambayo wanahistoria wa mvua ya asidi wameigusa kidogo mno. Ikiwa angani hugeuka chembechembe za salfati, ambazo huurudisha mwanga wa jua na kuyafanya mawingu yawe meupe zaidi. Kwa mujibu wa ripoti ya IPCC ya mwaka 2021, gesijoto zimeongeza joto la dunia kwa nyuzi 1.0 hadi 2.0 za Selisiasi, ilhali chembechembe na vichocheo vingine vya kibinadamu vimelipunguza kwa nyuzi 0.0 hadi 0.8. Salfati hudumu angani kwa siku au wiki. Dioksidi ya kaboni kwa karne. Kuisafisha ya kwanza na kuiacha ya pili ni kulifunua joto lililokuwa limefichwa.

Upoozaji huo haukuenea sawasawa. Uliielemea zaidi Nusudunia ya Kaskazini, na ukanda wa mvua wa kitropiki ukasogea kusini. Saheli ilipokumbwa na ukame katika miaka ya 1970 na 1980, nadharia iliyopata nguvu ilikuwa ya Jule Charney (1975), iliyoeleza kwamba malisho ya kupita kiasi huifanya ardhi iakishe mwanga na kuzuia mvua. Lawama zikamwangukia mfugaji. Utafiti wa baadaye umeitaja salfati ya Ulaya na Marekani ya Kaskazini kuwa miongoni mwa visababishi vya ukame ule. Mkataba wa Geneva ulijadiliwa chini ya Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya, ambamo Mali, Nijeri na Senegali hazikuwa na kiti.