Mlima, Ziwa na Makaa ya Mawe: Mazingira, Uzalishaji na Tabia ya Jamii katika Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Swali la namna ardhi inavyoijenga tabia ya jamii limezoeleka kujibiwa kwa haraka: watu wa milimani ni wachapakazi, watu wa ziwani ni wasafiri. Sehemu hii inalipinga jibu hilo. Hoja yake ni kwamba mazingira hayazai tabia moja kwa moja. Mazingira hudai aina fulani ya kazi, kazi huhitaji taratibu za kugawana ardhi na mavuno, na taratibu hizo ndizo ambazo mgeni huziita tabia.

Mfano wa kwanza ni ngoro za Wamatengo. Katika karne ya 19 mashambulizi ya Wangoni yaliwafanya Wamatengo wajikusanye milimani, penye usalama lakini penye miteremko mikali na ardhi finyu. Katika kilimo cha ngoro, majani hufyekwa na kupangwa kwa mistari inayokatana, kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kuyafunika. Shimo linalobaki hukinga maji ya mvua, na majani yanapooza huwa mbolea. Kwa desturi wanaume hufyeka na kupanga, wanawake huchimba. Ardhi ilitumiwa kwa ntambo, yaani mteremko uliopakana na vijito na kushikwa na familia pana. Katika sengu, wazee waliongoza mlo wa pamoja na mashauriano. Bidii inayosifiwa ilikuwa, kwa hiyo, nidhamu ya mteremko: ngoro ya juu ikipasuka, maji humharibia aliye chini.

Kahawa, iliyoenea wakati wa utawala wa Waingereza, ilibadili uwiano huo. Mbuni ni mti wa kudumu. Aliyeupanda huiondoa ardhi katika mzunguko wa maharage na mahindi. Fedha yake ilipita zaidi mikononi mwa wanaume, ilhali jembe la ngoro lilibaki kwa wanawake. Chama Kikuu cha Ushirika cha Wangoni na Wamatengo (NGOMAT), kilichoanzishwa mwaka 1936, kiliihamishia nje ya ukoo sehemu ya maamuzi ya mavuno. Baada ya soko kulegezwa katika miaka ya 1990 na ushirika wa Mbinga kuanguka, wakulima walikosa mkopo wa pembejeo. Ngoro na mahindi viliendelea kulisha kaya ambazo kahawa haikuweza tena kuzitunza.

Mwambaoni, kuanzia Mbamba Bay hadi Liuli, hali ni tofauti. Ukanda wa pwani ni mwembamba, muhogo ndio tegemeo la shambani, na dagaa huvuliwa usiku kwa taa, hasa mwezi usipoangaza. Hakuna awezaye kuchimba mpaka juu ya maji. Haki ya mvuvi imo katika chombo, wavu na watu anaovua nao. Hata hivyo, jamii hizi mbili hazikuishi kwa kutengana: samaki walipanda mlimani, nafaka ikashuka ziwani. Kuundwa kwa Wilaya ya Nyasa mwaka 2012 kulitenganisha utawala, si mahitaji hayo.

Uchimbaji wa makaa ya mawe Ngaka, ulioanza mwaka 2011, umeleta msingi wa tatu wa haki. Mlimani haki ilithibitishwa kwa jasho la vizazi. Ziwani, kwa ushirika wa chombo. Mgodini inathibitishwa kwa leseni, kwa kuwa kisheria madini ni mali ya umma chini ya usimamizi wa Serikali, na mwenye shamba hulipwa fidia ya kilicho juu ya ardhi. Fidia huhesabu mibuni na nyumba. Haina kipimo cha ngoro iliyotunzwa miaka mingi kwa ajili ya jirani wa chini.

Kwa muhtasari, kinachobadilika Mbinga si tu namna ya kujipatia riziki. Ni jibu la swali la nani anawajibika kwa nani. Mtafiti anayeanza na sifa za watu atalikosa swali hilo. Anayeanza na kazi yao atalikuta shambani.