Hoteli ya Norfolk, Nairobi: Historia Fupi

Hoteli ya Norfolk ilifungua milango yake siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 1904, juu ya bonde la Mto Nairobi. Waanzilishi walikuwa Meja C.G.R. Ringer na mshirika wake, Aylmer Winearls. Mji wenyewe ulikuwa na umri wa miaka mitano tu. Reli kutoka Mombasa ilifika hapo mwishoni mwa Mei 1899, na kambi ya wajenzi wa reli ikageuka mji wa mabati kabla mtu yeyote hajaupanga. Hoteli ilisimama ukingoni kabisa mwa mji huo. Barabara iliyopita mbele yake, Government Road, ilishuka moja kwa moja hadi stesheni, mwendo wa kilomita mbili hivi, na nyuma yake kulikuwa na bonde la mto na mafunjo.

Maji ya bonde hilo hutoka magharibi. Huko juu kulikokuwa na hewa baridi na udongo mwekundu ndiko serikali ya kikoloni ilikowatengea Wazungu makazi, Kileleshwa ikawa mtaa wa watumishi wake. Waliokuja bila kazi ya serikali wala nyumba, wakitafuta mashamba, kwanza walilala hotelini.

Wageni hao walikuwa wengi. Sir Charles Eliot, Kamishna wa himaya tangu 1900 hadi 1904, aliamini kwamba reli ingelipa gharama zake iwapo tu nyanda za juu zingekaliwa na wakulima wa Kizungu, na waliojibu mwito walitoka Uingereza na Afrika Kusini. Hoteli ya Stanley ilitangulia kwa miaka miwili, nayo huitwa kongwe zaidi mjini. Lakini Stanley ilihamahama kabla ya kutulia mahali ilipo leo, ilhali Norfolk haijaondoka kwenye kiwanja chake cha kwanza. Kwa hiyo ubishi wa ukongwe baina ya hoteli hizo mbili hauna mshindi wa wazi.

Walowezi wenye vyeo vya ukoo walikutana Norfolk mara nyingi kiasi kwamba watu wakaipachika jina la utani, Bunge la Malodi. Kinara wao alikuwa Lord Delamere, aliyefungua shamba kubwa Njoro kisha Soysambu. Simulizi za vituko vyake hotelini, za farasi kuingizwa ndani na taa kulengwa kwa bastola, zimerudiwa hadi zikawa sehemu ya biashara, na baraza la mbele la hoteli likapewa jina lake. Simulizi hizo huchekesha zaidi zinaposahau mambo yaliyozungumzwa mezani: ardhi ya nani ichukuliwe, na nani ailime kwa mshahara gani. Mwafrika aliingia Norfolk kupitia mlango wa nyuma, akiwa mpishi, dobi au mhudumu.

Kilichoipa hoteli sifa nje ya nchi ni uwindaji. Theodore Roosevelt alishuka Mombasa Aprili 1909, wiki chache baada ya kuacha urais wa Marekani, akakaribishwa Norfolk pamoja na mwanawe Kermit. Msafara wao ulitayarishwa na kampuni ya Newland, Tarlton, ukiwa na wapagazi zaidi ya 200, nao ulikusanya vielelezo kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Kwa hesabu ya Roosevelt mwenyewe, baba na mwana waliua wanyama 512. Baada ya hapo matajiri wa Ulaya na Marekani walifuata mkondo huo huo. Walishuka kwenye treni, wakalala Norfolk huku wapagazi na mahema yakitafutwa, na waliporudi kutoka porini wakaoga hapo kabla ya kushika njia ya pwani.

Tukio zito kuliko yote katika historia ya hoteli halikuhusu mgeni wake hata mmoja. Tarehe 14 Machi 1922 serikali ilimkamata Harry Thuku, karani wa simu aliyeongoza Chama cha Afrika Mashariki kupinga pasi ya kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Siku mbili baadaye maelfu ya watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi alimozuiliwa, hatua chache kutoka Norfolk, wakitaka aachiliwe. Wajumbe walipotoka kuzungumza na wakubwa wakiwa na ahadi tu mkononi, umati ulianza kulegea. Mary Muthoni Nyanjiru akasimama mbele, akapandisha nguo yake mabegani na kuwaambia wanaume wavae ya kwake, wampe suruali zao. Umati ulisogea kwenye lango na askari wakafyatua risasi. Mashahidi walieleza kwamba Wazungu waliokuwa kwenye baraza la hoteli nao walifyatua zao, wakiwapiga watu kwa upande wa pili. Serikali ilihesabu maiti 21, Nyanjiru akiwemo, na hesabu za Waafrika zilikuwa kubwa zaidi ya hiyo mara kadhaa. Thuku alipelekwa kizuizini Kismayu. Baada ya uhuru kipande cha barabara kinachopita mbele ya hoteli kilipewa jina lake, na hakuna ukumbusho mwingine wa siku ile unaoonwa na wageni wengi kama anwani hiyo.

Mwaka 1927 hoteli ilinunuliwa na Abraham Block, Myahudi mzaliwa wa Lithuania aliyeingia nchini 1903 akiwa karibu mikono mitupu. Jamaa yake waliifanya nguzo ya Block Hotels, kampuni iliyokuja kumiliki pia New Stanley. Kwa uendeshaji, hiyo ndiyo miongo iliyo bora ya Norfolk, ingawa wageni waliendelea kuchaguliwa kwa rangi.  

Mwaka 1952 Jumba la Kitaifa la Sanaa lilifunguliwa ng'ambo ya barabara, na chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi kikajengwa jirani. Ujirani huo ulikuwa na matokeo yake. Oktoba 1976 mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo kuhusu kesi ya mpigania uhuru Dedan Kimathi ulipoigizwa katika jumba hilo, watazamaji walitoka wakiimba na kucheza pamoja na waigizaji hadi barabarani. Kwa maelezo ya Ngũgĩ, walielekea Norfolk, mahali pa mauaji ya 1922, na polisi wakawazuia.

Usiku wa tarehe 31 Desemba 1980, wageni wakiwa mezani kuukaribisha mwaka mpya, bomu lililotegwa katika chumba kilichokuwa juu ya ukumbi wa maakuli lililipuka. Waliokufa walikaribia 20 na majeruhi walikuwa makumi. Mtuhumiwa, aliyekuwa amelala katika chumba hicho, alikwisha kuondoka nchini kwa ndege. Shambulio hilo lilichukuliwa kuwa kisasi kwa Kenya kuziruhusu ndege za Israel kutua Nairobi wakati wa uokoaji wa mateka wa Entebbe, Julai 1976, na umiliki wa jamaa ya Block ulitajwa kuwa sababu ya hoteli hii kulengwa. Sehemu iliyobomolewa ilijengwa upya.

Baadaye hoteli iliingia mikononi mwa Lonrho ya Uingereza, na kuanzia 2005 ikaendeshwa na Fairmont, ambayo tangu 2016 ni sehemu ya Accor ya Ufaransa. Mei 2020, janga la korona lilipokausha utalii, uongozi uliwaandikia wafanyakazi wote barua za kuwaachisha kazi, uamuzi uliozua ghadhabu nchini kote. Hoteli ilifunguliwa tena baadaye. Sasa ina vyumba vipatavyo 170 vinavyozunguka ua wa ndani wenye bustani, ambamo mkokoteni wa ng'ombe na gari la zamani vimewekwa vitazamwe na wageni.