Namba Tasa kutoka Ishango hadi Masukulu

Kwa wengi waliosoma shule ya msingi Tanzania, namba tasa zilikuwa orodha ya kukariri kabla ya mtihani: 2, 3, 5, 7, 11, 13, basi. Ndiyo maana mtu akisikia kwamba kuna elimu nzima inayoitwa nadharia ya namba huona ni mambo ya maprofesa. Mimi naona kinyume chake. Katika matawi yote ya hisabati, hili ndilo lililo karibu zaidi na msomaji wa kawaida, kwa sababu maswali yake hayadai chombo chochote isipokuwa vitu vya kuhesabika. Muuzaji wa Masukulu, Rungwe, mwenye ndizi 12 anaweza kuzipanga kwa mafungu yaliyo sawa ya mbili mbili, tatu tatu, nne nne au sita sita. Ikiongezeka moja tu, mipango yote hiyo inavunjika: 13 zitauzwa moja moja, au zote kwa fungu moja. Hajasema neno la kitaalamu, lakini namba tasa ameishika mkononi.

Wapo wanaotaka kuipa hoja hii umri mkubwa kupita kiasi. Mwaka 1950, Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua Ishango, kando ya Ziwa Edward, mashariki ya Kongo, mfupa wenye alama za kuchanjwa unaokadiriwa kuwa na miaka 20,000 hivi. Safu moja ya alama hizo ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19, yaani namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Inasisimua, lakini safu ya jirani ina 11, 21, 19 na 9, na mbili kati ya hizo si tasa. Mtafiti Alexander Marshack aliona humo hesabu ya mwezi. Kinachothibitika ni kwamba mtu alihesabu kwa makini na kuweka kumbukumbu. Kumpa ujuzi wa namba tasa ni kumpakia mzigo asioubeba.

Ushahidi wenye nguvu zaidi uko kwenye bao, linalochezwa kutoka Zanzibar hadi Malawi, ng'ambo ya mto Songwe. Katika bao la Kiswahili lenye kete 64, kila mchezaji ana mashimo 16, naye huchota kete na kuzigawa moja moja kuyazunguka. Akichota 16, ya mwisho inaangukia shimo alikoanzia. Akichota 19, anaishia pale pale ambapo kete 3 zingemfikisha. Hesabu hii ya mabaki ndiyo aliyoiwekea kanuni na alama mwanahisabati Carl Friedrich Gauss katika kitabu chake cha 1801. Mtu atapinga kwamba mcheza bao hathibitishi kitu, anatafuta ushindi tu. Ni kweli, na tofauti hiyo si ndogo: Mgiriki Euklide, yapata miaka 2,300 iliyopita, hakutosheka na kuhesabu namba tasa, alionyesha kwamba haziishi. Ila hakuna anayetafuta uthibitisho wa jambo ambalo halijamvutia kwanza, na mvuto huo barazani upo tele.

Wengine huitetea nadharia ya namba kwa faida yake: tangu 1977 namba tasa kubwa zimetumika kulinda siri za mawasiliano. Faida ni njema, lakini haielezi kwa nini watu waliipenda elimu hii karne nyingi kabla ya kompyuta. Kinachovuta ni swali jepesi lenye jibu gumu. Chukua namba shufwa yoyote inayozidi 2, uigawe iwe jumla ya namba tasa mbili: 28 ni 11 na 17, au 5 na 23. Je, inawezekana daima? Swali hilo lilizaliwa katika barua za wanahisabati Christian Goldbach na Leonhard Euler mwaka 1742. Kompyuta zimekwisha kupima namba zote shufwa hadi bilioni 4 mara bilioni moja bila kukuta hata moja inayokataa, na bado hakuna aliyelithibitisha.