Vinyama vya Kufuma: Vimetoka Wapi?

Tukifuma vitambaa vya makochi vya biharusi hakuna anayeuliza. Tukifuma sungura wa kutoshea kiganjani, maswali huja mawili: "Mbona ghali?" na "Vinafaa kidini?"

Tuanze na bei. Sweta zina mashine. Kroshia mpaka leo ni mkono. Viazi vilipooza Ireland na njaa kuu kuanza mwaka 1845, wanawake walifuma lesi za kroshia wakauza, wakalisha watoto. Baadaye Wajapani wakavipa vinyama jina la amigurumi, yaani mwanasesere wa kufumwa. Hufumwa kwa kuzunguka, tundu kwa tundu, kisha hujazwa pamba. Ukikosea hesabu, sikio moja linalala.

Na dini? Bi Aisha, Allah amridhie, alikuwa na wanasesere, na kati yao farasi mwenye mabawa ya kitambaa. Mtume (s.a.w.) alimuuliza: farasi ana mabawa? Akamjibu kwa kumtaja Nabii Suleiman na farasi wake wenye mabawa. Mtume akacheka. Imo katika Abu Daud. Kwa hadithi hiyo wanavyuoni wengi wameruhusu vya watoto kuchezea; vya mapambo ni jambo jingine.

Biharusi mmoja alitutaka thelathini vya kupamba meza za ukumbi. Pesa tulizihitaji, lakini tulimwomba radhi, tukamfumia maua. Alipojifungua, alirudi kuchukua sungura wa mwanawe.

Wallahu aalam.