Kisichoandikwa Kwenye Karatasi ya Mchezo

Mtu wa meza haoni mchezo wa kikapu kama anavyouona mtu wa jukwaani. Wao wanatazama mpira. Sisi tunatazama saa, faulo na karatasi. Nimekaa meza hiyo miaka mingi kwenye ligi za Dar es Salaam, kalamu mbili mkononi, nyekundu ya robo ya kwanza na ya tatu, bluu ya zilizobaki. Ndiyo maana nikisikia watu wanasimulia mashindano ya vyuo vya Marekani, akili yangu inakwenda mezani kwanza.

Mashindano hayo ya taifa yalianza mwaka 1939 na timu 8, zikaongezeka hadi kufikia 68 mwaka 2011. Hakuna mechi ya marudiano. Ukifungwa leo, kesho uko kwenye basi la kurudi chuoni.

Watanzania tuna letu humo. Usiku wa tarehe 12 Machi 2009, ndani ya Madison Square Garden, New York, Connecticut ya Hasheem Thabeet ilikutana na Syracuse katika robo fainali ya ligi yao, Big East. Haikuwa michuano ya taifa, lakini ngoma ilikuwa ya kutosha. Matokeo yakiwa 71 kwa 71, imebaki sekunde moja na ushee, Eric Devendorf wa Syracuse alipokea pasi ndefu, akatupa kutoka mbali, mpira ukazama. Jamaa akapanda juu ya meza ya waamuzi kushangilia. Juu ya meza! Nikiitazama picha ile, sishughuliki na furaha yake. Nawaza karatasi ya mwenzangu iko chini ya kiatu gani.

Waamuzi wakarudia video. Muda ulikwisha mpira ukiwa bado vidoleni. Kikapu kikafutwa, zikaja dakika tano za nyongeza, kisha nyingine, hadi nyongeza sita. Syracuse haikuongoza katika nyongeza tano za mwanzo, ila kila mara ilisawazisha. Wachezaji 8 walitoka kwa faulo tano, Thabeet wetu akiwa mmoja wao. Jonny Flynn wa Syracuse alicheza dakika 67 kati ya 70. Saa saba na dakika 22 usiku ndipo watu walipokwenda kulala, Syracuse 127, Connecticut 117. Wiki chache baadaye Thabeet na wenzake walifika nusu fainali ya taifa kule Detroit, wakafungwa na Michigan State 82 kwa 73, na mwezi Juni Memphis Grizzlies wakamchukua akiwa mchezaji wa pili kuchaguliwa.

Kisa cha Chris Webber ndicho kinachoniumiza zaidi. Fainali ya 1993, New Orleans, Michigan iko nyuma ya North Carolina 73 kwa 71, zimebaki sekunde 11. Webber amebanwa pembeni na walinzi wawili, anaomba taimauti. Timu yake ilikuwa imeshazimaliza. Adhabu yake faulo ya kiufundi, mwisho 77 kwa 71. Idadi ya taimauti huandikwa mezani, na benchi wanapaswa kuijua kabla mtoto wa watu hajainua mikono.

Lakini tukio ninaloliweka juu ya yote halikuandikwa mezani kokote, kwa sababu lilitokea kabla mpira haujarushwa.

Chuo cha Mississippi State kilitwaa ubingwa wa ligi yake mwaka 1959, 1961 na 1962, na mara zote tatu kikakataa kwenda mashindano ya taifa. Jimboni kwao kulikuwa na sheria isiyoandikwa: timu za weupe hazichezi na weusi. Mwaka 1963 wakatwaa tena, na safari hii mkuu wa chuo, Dean Colvard, akasema wanakwenda. Gavana Ross Barnett alipinga. Ndiye huyo huyo aliyesimama kumzuia James Meredith asisome Chuo Kikuu cha Mississippi mwaka uliotangulia. Wanasiasa wakapata amri ya mahakama ya kuizuia timu isitoke jimboni.

Kocha Babe McCarthy hakusubiri kukabidhiwa karatasi hiyo. Alivuka mpaka usiku kwa gari hadi Memphis, wachezaji wakafuata kwa ndege asubuhi. Hebu fikiri: mabingwa wa ligi wanatoroka kwao ili wakacheze kikapu!

Tarehe 15 Machi, East Lansing, Michigan, walikutana na Loyola ya Chicago, ambayo watu wanne kati ya watano wake wa kuanza walikuwa weusi. Nahodha wao, Jerry Harkness, alikuwa ameshaletewa barua za vitisho. Akatembea hadi katikati ya uwanja, nahodha wa Mississippi State, Joe Dan Gold, naye akaja, wakapeana mikono. Taa za kamera zikawaka mfululizo, na Harkness alisimulia baadaye kwamba hapo ndipo alipong'amua kuwa hii si mechi tu. Mississippi State walianza kwa 7 kwa 0, wakaishia kufungwa 61 kwa 51. Loyola wakaendelea hadi ubingwa, wakiifunga Cincinnati 60 kwa 58 katika muda wa nyongeza, watano wale wale dakika zote 45 bila kubadilisha mtu. Gold alipofariki mwaka 2011, Harkness alihudhuria mazishi na kukuta picha ya mikono yao kando ya jeneza.

Wapo wanaoitanguliza 1966, pale Texas Western ya Don Haskins, yenye weusi watano wa kuanza, ilipoifunga Kentucky ya weupe watupu 72 kwa 65. Sina ugomvi na ushindi ule. Ila Kentucky walikuja mchana kweupe, hakuna aliyewakataza. Mississippi State waliikwepa amri ili wakapate nafasi ya kufungwa. Kwangu mimi namba moja ni 1963, na tuzo naipa timu iliyopoteza kwa pointi 10.