Gari lililokatwa springi: kinachopotea ni nini?

Msikilizaji mmoja alitutumia ujumbe wa sauti kuhusu kaka yake, ambaye amenunua gari dogo lililotumika kutoka mjini. Gari limelala, linapendeza, na bei haikuwa mbaya. Tangu lifike kijijini, likibeba watu wanne linagonga kwa chini kwenye kila tuta, na matairi ya mbele yameisha upande wa ndani tu. Fundi wa jirani aliinama akachungulia, akasema springi zimekatwa. Swali la msikilizaji wetu lilikuwa hili: ubaya uko wapi, ikiwa chuma ni kilekile, kimepungua tu?

Kwanza tuelewane ni springi zipi. Hatuzungumzii kamani, zile bapa zilizopangana chini ya lori na pikapu. Tunazungumzia springi za kuviringishwa, zinazoonekana kama waya mnene uliozungushwa, ambazo zimekaa karibu na kila gurudumu katika magari mengi madogo. Mtu anayetaka gari lake lilale hupeleka kwa fundi, springi zinatolewa, mzunguko mmoja au zaidi unakatwa kwa grainda, kisha zinarudishwa. Kazi ya nusu siku, gharama ni ya ufundi tu. Ndiyo maana wengi huchagua njia hii badala ya kununua springi fupi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo.

Wengi hudhani springi iliyokatwa imekuwa laini, kwa kuwa gari limeshuka. Ni kinyume chake. Chukua fimbo ndefu uipinde, halafu uikate nusu ujaribu tena: fupi inakataa kupinda. Springi nayo hubeba gari kwa waya wake kujisokota kidogo kidogo katika urefu wake wote, kwa hiyo waya ukipungua, kila sehemu iliyobaki inafanya kazi kubwa zaidi. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukiikata mmoja ikabaki 5, inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20. Gari limeshuka kwa sababu springi imekuwa fupi.

Sasa mtetezi wa kukata atasema: basi vizuri, ikiwa ngumu itabeba zaidi. Tupige hesabu kwa mfano. Chukulia gari ambalo, likiwa tupu, gurudumu lina nafasi ya sentimita 8 kupanda kabla ya kugota kwenye ile raba ya kugotea. Ukipakia watu na gunia moja la mahindi, gari linashuka sentimita 4, na zinabaki 4 za kumeza mashimo. Kata springi ili gari lishuke sentimita 4. Likiwa tupu tayari umebakiwa na 4. Pakia mzigo uleule: kwa kuwa springi imekuwa ngumu, gari linashuka kama sentimita 3 na kidogo. Iliyobaki haifiki hata sentimita moja. Hapo tuta dogo tu linatosha kugotesha, na kishindo hakimezwi tena na springi. Kinakwenda kwenye raba, kwenye shokapu, kwenye bodi la gari na kwenye mgongo wa mama aliyekaa siti ya nyuma na mtoto.

Mjini kwenye lami, dereva akiwa peke yake, anaweza kukaa mwaka mzima asilione tatizo hili. Huku kwetu kwenye rasta, makorongo na barabara ya mawe, linaonekana siku ya kwanza.

Hatari nyingine inajificha, na kwangu mimi ndiyo kubwa. Gurudumu halipandi tu, linashuka pia. Likiingia kwenye shimo, shokapu inanyooka hadi mwisho wake, na springi ya kiwandani imepimwa iwe ndefu vya kutosha kubaki imebanwa hata hapo. Iliyokatwa inaweza kuwa fupi kuliko nafasi hiyo. Mbele, katika magari mengi madogo, springi imezunguka shokapu, kwa hiyo haidondoki lakini inalegea, inazunguka na kukaa upande. Nyuma, kwenye magari ambayo springi imekaa peke yake mbali na shokapu, inaweza kuchomoka kabisa kwenye kikombe chake. Fikiria hilo linatokea kwenye kona.

Halafu kuna ncha. Ukiitazama springi ya kiwandani utaona mwisho wake umetengenezwa ukae sawasawa kwenye kikombe, na baadhi zimesawazishwa au kukunjwa kwa ndani kabisa. Ukikata ncha ya namna hiyo, inayobaki ni ncha kali iliyoegemea sehemu moja tu. Wanaokata kwa gesi ya kuchomelea wanaongeza kosa juu ya kosa. Chuma cha springi kilipashwa moto na kupozwa kwa kipimo kiwandani ili kiwe kigumu na chenye kurudi. Moto wa gesi unaharibu kipimo hicho pale ulipopita, na springi inaweza kulegea au kukatika. Wapo hata wanaoipasha moto ikiwa ndani ya gari hadi ijikunje yenyewe. Ukimwona fundi anafanya hivyo, chukua funguo zako uondoke.

Matairi kuisha upande mmoja kunatokana na kwamba gari likishuka, mikono inayoshika gurudumu inabadilisha pembe, na gurudumu halisimami tena kama lilivyopangwa. Kupima alaimenti husaidia, lakini si kila gari linarekebishika lote. Breki pia zinaguswa: baadhi ya magari ya mizigo yana kifaa kinachopima uzito kwa kuangalia jinsi nyuma ilivyoshuka, ili breki za nyuma zipewe nguvu inayofaa. Ukishusha nyuma, kifaa kinaamini gari limepakia wakati liko tupu, na magurudumu ya nyuma yanaweza kufunga ghafla kwenye barabara ya mvua. Ukishusha nyuma peke yake, taa za mbele zinatazama juu na kuwapiga machoni wanaokuja.

Mtindo wenyewe una historia ndefu. Huko Los Angeles, Marekani, vijana wenye asili ya Meksiko walikuwa wakishusha magari baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa kuweka mifuko ya mchanga nyuma au kwa kukata springi. Mwaka 1958 sheria ya California ilipiga marufuku gari ambalo sehemu yake iko chini kuliko ukingo wa rimu. Mwaka uliofuata, kijana aitwaye Ron Aguirre alifunga gari lake mfumo wa mafuta wa kupanda na kushuka, akawa analiinua akikutana na polisi. Ujerumani leo mtu anaruhusiwa kufunga springi fupi zilizotengenezwa maalumu, lakini mkaguzi lazima azipitishe. Kinachotofautisha springi hizo na za kukatwa ni kwamba zilipimwa urefu, ugumu na ncha zake kabla hazijafungwa.

Ukienda kununua gari, beba kitambaa na tochi. Inua gari kwa jeki hadi gurudumu lining'inie, weka kishikilizi imara chini ya bodi, usiingie chini, kisha jaribu kuizungusha springi kwa mkono. Ikicheza, jiulize kwa nini. Tazama ncha: iliyokatwa ina alama za grainda, kutu pasipo rangi, au ubluu wa moto. Hesabu mizunguko kushoto na kulia. Gari likiwa limesimama, mtu azungushe usukani hadi mwisho: mlio wa "ko, ko" juu ya gurudumu unaweza kuwa springi inayohama.

Kwa kaka wa msikilizaji wetu, springi iliyokatwa hairefushwi. Atafute za modeli ileile ya gari, mbili za upande wa mbele au wa nyuma kwa pamoja, akague shokapu na raba za kugotea, kisha apime alaimenti. Na asifungue mwenyewe zile za mbele bila vibanio vya springi. Iliyobanwa juu ya shokapu ikiachiwa ghafla inaruka kwa nguvu ya kuua mtu.