Mwimbaji Baina ya Lahani na Shairi: Kazi ya Juma Bhalo

Katika uhakiki wa ushairi wa Kiswahili, mwimbaji hutajwa mwisho, kana kwamba yeye ni mfereji tu wa kupitishia maneno ya mshairi. Makala haya yanaupinga mtazamo huo kwa kuichunguza kazi ya Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyezaliwa Malindi mwaka 1942 na kufariki Mombasa mwaka 2014.

Tuanze na mfano wa mbali. Katika michezo ya kuchekesha ya kuimbwa waliyoitunga Waingereza Gilbert na Sullivan, Gilbert aliandika maneno kwanza, kisha Sullivan akayatilia muziki. Durward Lely, mwenye sauti ya juu ya kiume, ndiye aliyekuwa Nanki-Poo wa kwanza The Mikado ilipoonyeshwa London mwaka 1885. Lahani aliyoikuta ilikuwa imekwisha kukatwa kwa kipimo cha maneno.

Kwa Juma Bhalo mambo yalikuwa kinyume. Nyimbo zake nyingi zilifuata lahani za filamu za Kihindi. Hili si ajabu: bandari ya Kilindini, ambayo magati yake leo yameenea hadi Kipevu upande wa bara, iliuunganisha mji huu na Bombay kwa miaka mingi. Lahani ilitangulia, maneno yakafuata. Lakini shairi letu lina kanuni zake: mizani nane kwa kila kipande, na vina vyake. Lahani ya kigeni haizijui kanuni hizo. Mshairi, mara nyingi ndugu yake wa ukoo Ahmad Nassir, mtunzi wa Malenga wa Mvita (1971), alilazimika kuzipatanisha pande mbili, na pale kalamu ilipokoma, sauti ndiyo iliyomalizia: kuivuta silabi hii, kuifupisha ile, bila ya Kimvita kupotoka.

Ni rahisi, basi, kumwita mwigaji. Sisi twaona kwamba aliazima nguo akaishona upya kwa kimo cha lugha yake, na kazi hiyo ni utunzi.

Juma Bhalo aliacha kuimba mwaka 2007. Maneno yaweza kusomwa kitabuni. Upatanisho ule haumo kitabuni, umo katika kanda. Mwalimu afundishaye matini ya wimbo bila ya kuisikilizisha sauti amefundisha nusu ya shairi, na kanda zikiharibika, nusu ya pili haitaandikika tena.